Malazi ya Njugu

Likizo ya Aprili ilipofika, mwaka ule wa 1996, Sella alikuwa na kazi tatu za asubuhi. Ya kwanza ilikuwa kupanga foleni mferejini na mtungi wake kabla akina mama wa ploti hawajaamka. Ya pili, kufagia mlangoni kwao. Ya tatu ilikuwa kuzunguka nyuma ya ploti, kupita bafu la mabati, amwone Njugu. Hiyo ya tatu hakuagizwa na mzazi yeyote. Alijitwika mwenyewe, tena kwa kuapa.

Njugu alikuwa sungura jike. Rangi yake ilikuwa kama ya karanga iliyokaangwa bila kumenywa, ndiyo maana akaitwa hivyo. Hakuwa wa Sella. Alikuwa wa Mumbua, aliyesoma naye darasa la sita na kuishi mlango wa tatu kutoka kwao, hapo Sarang'ombe, Kibera. Mumbua hakuwa na ndugu. Watoto wengine wa ploti waligawana hata kitana, lakini yeye alikuwa na kitu kimoja kilicho chake peke yake, na kitu hicho kilikuwa na masikio marefu.

Likizo hiyo shangazi yake Mumbua aliyekaa Kawangware alikuwa amejifungua, na Mumbua akaitwa amsaidie kufua nepi na kubembeleza mtoto. Njugu naye alikuwa na mimba. Mumbua hakutaka kumtikisa njiani, wala kwa shangazi hapakuwa na pa kuweka kibanda. Akamwachia Sella.

Siku ya kuondoka alimwonyesha kila kitu mara mbili: sukuma wiki ya kunyauka kidogo, maji katika mkebe wa mafuta ya Kimbo, na zaidi ya yote, malazi. Alichukua nyasi kavu mkononi akazifikicha mpaka zikalia.

"Chakula hata ukichelewa atavumilia," Mumbua alisema. "Lakini hapa chini ni nyasi kavu tu, Sella. Kavu kabisa. Zile soja wa Ayany anakata na kuanika, muombe, atakupatia."

"Wewe unaongea kama mtu anaacha mtoto," Sella alimcheka.

"Sasa si ni mtoto?"

Sella akalamba kidole akakiinua juu, kiapo cha watoto wa ploti yao, na Mumbua akaenda zake roho ikiwa imetulia.

Wiki ya kwanza kiapo kilikaa vizuri. Kila baada ya siku mbili Sella alipanda hadi Ayany na gunia lake dogo. Soja, mlinzi wa lango la mtaa huo, alimpa nyasi, naye Sella aliteremka akiimba. Kisha mvua ikaja. Ilinyesha kama iliyokuwa na kisasi. Vichochoro vya Sarang'ombe vikawa uji, na kupanda kwenda Ayany kukawa kuacha kiatu kimoja nyuma kila hatua tatu. Siku aliyofika huko, soja alimwonyesha nyasi zake zilizolowa chapachapa. Akamwambia arudi jua likiwaka siku tatu mfululizo, au aende Olympic kwa mama mmoja aliyefuga ng'ombe. Mama huyo alikuwa na nyasi kavu chini ya paa, na hakumnyima mtu, mradi amfagilie zizi kwanza.

Sella alilifikiria hilo zizi. Aliufikiria mchanganyiko wa mvua na kinyesi cha ng'ombe, na miguu yake mitupu. Akarudi nyumbani na gunia tupu.

Nyuma ya ploti maji yalikuwa yamepenya chini ya bati la kibanda. Nyasi za zamani zilikuwa zimeshikana kama ugali uliolala. Njugu alijikunyata kwenye kona moja, miguu ya nyuma ikiwa kwenye unyevu, akamtazama Sella bila kupepesa macho.

Ndani kwao, kona nzima ilijaa sponji. Mama Sella alishona mito. Kila Jumamosi alikwenda Kawangware, mahali walipokuwa wakikata magodoro, akanunua mabaki ya sponji kwa gunia: ya manjano, ya kijani, ya waridi, vipande vikubwa na vidogo. Aliyachambua, akayajaza kwenye vitambaa vya maua, akashona kwa sindano ya magunia. Katika mtaa ule, aliyekuwa akilalia nguo zilizokunjwa kisha akapata mto wa sponji alijihesabu amepanda daraja. Maharusi walinunuliwa miwili. Tangu Sella apate akili alimsikia mama yake akiwaambia wateja maneno yale yale, "Weka kichwa hapa, dada, usahau shida za Kibera."

Sella aliitazama ile kona. Kama sponji inamfaa bibi harusi, itakosaje kumfaa sungura? Haikuwa na maji, haikuwa na miba, na ilikuwa laini kuliko nyasi zote za Ayany. Alijaza karai moja. Akazitoa nyasi chafu, akatandaza sponji hadi kibanda kikawa na rangi kama sherehe. Njugu akaingia, akazama kidogo, akachezesha pua.

Sella alijiona fundi. Na kama angeulizwa siku ile aseme ukweli wote, angekiri pia kwamba alifurahi kutolifagia lile zizi.

Siku ya tatu Njugu aliikataa sukuma. Siku ya nne asubuhi Sella alipochungulia, sukuma ya jana ilikuwa pale pale, na kibandani hapakuwa na kinyesi kipya hata punje moja. Njugu alikaa amejikunja, mgongo juu kama ngumi, masikio yamelala. Sella alifungua mlango akaingiza mkono amsogeze. Ndipo alipoona. Vile vipande vya sponji vilikuwa vimelika pembeni, alama ya meno mawili, alama ya meno mawili, kama mkate uliotafunwa na mtoto. Kimoja cha manjano, ambacho alikumbuka kilikuwa kikubwa kama kiganja, kilikuwa kimebaki kama kizibo.

Hakuhitaji mwalimu wa kumweleza.

Mtu mzima angepiga kelele aite watu. Sella hakufanya hivyo. Alikusanya sponji yote kwenye karatasi ya unga, harakaharaka, akitazama nyuma kila mara. Alitaka kuitupa mtaroni, lakini ni nani pale asiyejua sponji ya manjano na kijani inatoka nyumba gani? Mama alikuwa mferejini. Juu ya kitanda ilikuwapo mito minane iliyojazwa, ambayo haikuwa imefungwa mdomo. Sella akauchukua mmoja, akatoa sponji safi kiasi, akasukuma ndani kabisa ile iliyotafunwa na kukojolewa, akafunika kwa ile safi juu yake. Akaurudisha katikati ya mingine.

Kisha akakimbia Olympic. Mama mwenye ng'ombe alimpa fagio na beleshi. Ile kazi aliyoikwepa siku nne aliimaliza kabla chai haijapoa, na hilo lilimuuma kuliko kinyesi kilichomwingia kwenye vidole. Akarudi na nyasi kavu, ndefu, zenye harufu nzuri. Akamtandikia Njugu. Akamwambia kwa sauti ya chini ale, tafadhali ale. Njugu hakula.

Jioni habari ya ugonjwa wa Njugu ilikuwa imezunguka ploti nzima. Mama Sella aliinama kibandani, Mama Wabwire wa chumba cha mwisho akaja na ungo wake wa mchele mkononi, na watoto wakajipenyeza katikati. Watu wazima walianza kuuliza nani alimpa nini. Hapo likatajwa jina la Wabwire, mtoto wa miaka sita, ambaye kila mtu alijua alipenda kupitisha majani kwenye waya wa kibanda. Wabwire akaitwa. Akaulizwa alimpa nini. Akaenda hadi kando ya mtaro, akaleta jani la mnyanya uliojiotea pale.

Mama Sella aliguna. Alisema majani ya nyanya si ya sungura, yana sumu. Watu wote waliokuwapo wakamgeukia yule mtoto, na mama yake akamshika sikio.

"Ni wewe ulimlisha hii?"

"Ni mimi," Wabwire alisema. Mtoto mdogo akizungukwa na miguu mingi ya watu wakubwa hukubali hata ambalo hakulifanya.

Sella alikuwa amesimama kando ya kibanda. Kutoka pale aliliona jani la mnyanya ambalo Wabwire alikuwa ameliingiza. Lilikuwa kwenye kona, zima, limenyauka, halikuguswa na jino. Lilikuwa mbali na macho ya watu wazima, lakini yeye alilitazama sawasawa. Akaliacha pale pale.

Wabwire alipigwa makofi mawili ya matakoni, si ya kuumiza, lakini alilia kama aliyeumizwa. Akakatazwa kukanyaga nyuma ya ploti.

Kesho yake asubuhi Sella alimkuta amesimama kwenye pembe ya ukuta, mahali mpaka wa katazo lake ulipoishia, akiwa ameshika andazi ambalo hakulila. Hakusogea hata hatua moja.

"Sella," aliita. "Mwambie Njugu pole. Mimi sikujua."

Sella alijibu kwamba atamwambia. Akaingia bafuni, akafunga mlango wa bati, akasimama humo bila kuoga.

Mama Sella ndiye aliyekata shauri. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, siku yake ya kwenda Kawangware kuchukua sponji, na pale pale karibu na shangazi ya Mumbua aliishi Mzee Ojwang. Ndiye aliyempa Mumbua huyo sungura akiwa mdogo. Mzee Ojwang alikuwa mlishaji wa wanyama kwenye kituo kimoja cha mifugo kwa miaka ishirini, na watu walimpelekea kuku, mbwa, hata paka. Wakamtia Njugu kwenye kiondo kilichotandikwa nyasi, wakapanda kupitia Woodley hadi barabara ya Ngong, wakakata Dagoretti Corner. Sella alibeba kiondo kifuani. Kupitia nyuzi za katani alisikia moyo wa sungura ukienda mbio, na hakujua ni ule au ni wake.

Njia nzima mama yake alimtuliza. Alimwambia asijilaumu, alijitahidi, mtoto mwingine hata asingekumbuka kumwekea maji. Alisema Mama Wabwire amlinde mtoto wake. Kila sifa iliingia kwenye kiatu cha Sella kama changarawe, na kutoka Woodley hadi Kawangware ni sifa nyingi.

Mumbua aliwaona kwa mbali akaja mbio, bega moja limechafuliwa na maziwa ya mtoto. "Sella! Niaje?" Kisha akaona kiondo. Aliingiza mkono, akagusa masikio, akatangulia mbele kwenda kwa Mzee Ojwang.

Mzee Ojwang alikuwa mtu mrefu mwenye maneno machache na mikono mikubwa iliyojua kuwa miepesi. Alimweka Njugu kwenye magoti, akapapasa tumbo kwa vidole viwili, akafumba macho kama anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya. Watoto walikuwamo, alisema, wanacheza bado. Lakini mbele yao palikuwa pagumu. Akauliza alikula nini. Mama Sella akasimulia habari ya Wabwire na majani ya nyanya, kisha akaomba ruhusa akimbilie sponji kabla gunia lake halijachukuliwa na wengine. Akawaacha wasichana hapo.

"Na analalia nini?" Mzee Ojwang aliuliza.

"Nyasi kavu," Sella akajibu. Haukuwa uongo kwa siku ile. Alilalia nyasi kavu tangu jana.

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akachukua kipande cha mkaa safi, akaanza kukisaga juu ya jiwe mpaka kikawa unga mweusi laini. Alipokuwa akisaga alieleza, kwa sababu hakuwa mtu wa kutibu kimya mbele ya watoto. Sumu ya majani, alisema, inashikwa na mkaa tumboni na kutolewa nje. Angempa unga huo na maji machache, na kumnyima majani na nyasi siku mbili.

"Lakini mkaa si dawa ya kila tumbo," akasema, akasimamisha mkono. "Kama kuna kitu kimeziba mle ndani, mkaa utaenda kukaa juu yake, na tumemuua sisi wenyewe. Yeye hana mdomo wa kuniambia. Kwa hivyo nauliza tena. Hakuna kitu kingine aliguguna? Gunia? Nguo? Plastiki?"

Sella alitazama chini.

Mumbua ndiye aliyejibu, tena kwa haraka, kama anayetetea nduguye. "Hakuna, mzee. Sella siyo mtu wa kuweka takataka. Mimi nilimwonyesha, na aliapa."

Mzee akachota unga wa mkaa kwa ncha ya kijiko. Akamimina maji. Akakoroga. Kijiko kikainuka.

"Ni sponji," Sella alisema.

Kijiko kikasimama hewani.

"Nilimwekea sponji ya mito. Siku nne. Aliila. Wabwire hakufanya kitu, hilo jani hakuligusa hata, mimi nililiona." Maneno yalimtoka bila mpangilio, mengine yakigongana mlangoni. "Nilijua, mzee. Tangu jana asubuhi nilijua."

Mzee Ojwang alimwaga mkaa chini. Hakumkaripia. Aliinuka, akaleta nyasi ndefu kavu, maji ya uvuguvugu, na bomba la sindano lisilo na ncha, akawa na kazi ya kufanya. Maji yaliingia mdomoni mwa Njugu tone kwa tone. Akamwonyesha Sella namna ya kusugua tumbo kwa mduara, pole pole, bila kuwabana watoto waliomo. Alisema sponji ikiwa kidogo hulainika na kusukumwa nje na nyasi na maji, ikiwa nyingi, basi. Asiachwe alale tu. Atembezwe uani kila baada ya muda.

Sella alisugua. Baada ya kitambo Mumbua alipiga magoti kando yake, akamtoa Njugu mikononi mwa Sella, bila kumvuta, bila kumtazama Sella.

"Ungekuja tu uniambie," alisema. "Kawangware siyo Mombasa."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia siku hiyo.

Mama Sella aliporudi, gunia la sponji mgongoni, Sella alimwendea kabla hajalitua. Alimweleza yote upya. Ya mara ya pili hayakuwa mepesi kuliko ya kwanza, hasa alipofika kwenye ule mto. Mama alitua gunia akalikalia.

"Mto gani?"

"Sijui, mama. Yote imefanana."

"Yote minane nimeishona jana jioni. Miwili nimempelekea Christine asubuhi hii." Christine alikuwa bibi harusi wa wiki tatu, mlango wa pili kutoka mferejini. Mama aliinuka, akalishika gunia lake. "Mimi nikiuza mto," akasema, "nauza jina langu. Watu wanalalia jina langu. Twende nyumbani."

Siku ile ile Sella alikata nyuzi za mito sita, akaimwaga sponji sakafuni, akaichambua kipande kwa kipande. Haikuwamo. Ikabidi aende kwa Christine, mama yake akiwa nyuma yake lakini kimya, na kimya hicho kilimaanisha aseme mwenyewe. Alisema. Christine aliunusa mto wake, akacheka kwa mshangao akasema alidhani ile ni harufu ya mvua. Lakini hakucheka mara ya pili. Ule mto ulioshonwa upya aliupokea kwa vidole, akaunusa pande zote nne mbele yao. Mama Sella aliona, naye Sella akaona kwamba mama yake ameona.

Bado Wabwire. Kesho yake Sella alimkuta mlangoni kwao akivuta gari la waya, na Mama Wabwire akichagua mchele. Mbele ya watu wazima ulimi ulikuwa umekubali kusema, lakini mbele ya yule mtoto ulikwama. Alichuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. Akamwambia si yeye aliyemfanya Njugu awe mgonjwa. Ni yeye Sella. Na siku ile mtoto alipopigwa, yeye Sella alikuwa akijua.

Wabwire alifikiri. "Kwa hivyo sio mimi?"

"Sio wewe."

"Sasa mbona haukusema?"

Mama Wabwire aliacha kuchagua mchele. Alimwita mwanawe, akamvuta katikati ya magoti yake, akaweka mkono juu ya lile sikio alilolishika juzi. Kisha akamtazama Sella, na Sella akajua kwamba katika nyumba ile ataaminiwa tena, ila si mwaka huu.

Habari kutoka Kawangware zililetwa Jumatatu na mama wa Mumbua, aliyekuwa amekwenda kumwona mtoto mchanga. Jumapili jioni Njugu alitoa kinyesi, na ndani yake mlikuwa na chembe za manjano na kijani. Akaanza kula nyasi, moja moja, kama mgonjwa anayejaribu uji. Alhamisi alizaa. Watoto watano. Watatu hai, wawili walizaliwa wamekufa.

Jumamosi Sella aliamka mapema, akapanda Olympic, akafagia zizi lote na mtaro wake. Akaomba nyasi. Akaenda Kawangware na mama yake, gunia kichwani. Mzee Ojwang alikuwa amemtengenezea Njugu kibanda uani kwake, na kando ya ukuta palikuwa na kifusi kidogo cha udongo mpya. Sella alikitazama.

"Ni kwa sababu ya sponji?" aliuliza.

"Sijui," Mzee Ojwang akajibu. "Sungura huzaa wafu hata bila sponji. Na sponji huua. Hilo itabidi ukae nalo bila kujua."

Kisha akawaita wote wawili, Sella na Mumbua, akawachuchumalisha mbele ya kibanda. Akachota nyasi kwenye gunia la Sella akaziweka shavuni pake. Aliwaambia wafanye vivyo hivyo. Kama shavu linasikia unyevu, wasitandike. Kama zinachoma, wasitandike. Kama pua inawasha kwa vumbi au ukungu, wasitandike. Maranda ya mbao yanafaa pia, akasema, lakini si ya mbao iliyopakwa rangi au dawa ya mchwa. Nguo na sponji hapana, hata siku moja, kwa sababu sungura hulala juu ya kitu huku akikionja.

"Wewe ulimpa kitu ambacho binadamu anakipenda," alimwambia Sella. "Ulimpa kwa moyo mzuri kidogo na kwa uvivu kidogo. Hayo ni makosa ya kutojua, na kutojua kunatibika, ndiyo maana kuna shule na kuna wazee. Lakini asubuhi ile ulipoona meno kwenye sponji, ulikuwa unajua. Tangu hapo kila saa uliyonyamaza ilikuwa ya kwako. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulifanya zaidi. Uliyaficha maradhi ya mwingine, tena mwingine asiye na mdomo. Mnyama wa kufungwa hachagui anapolala. Anachaguliwa. Anayemchagulia akikosea, aseme upesi."

"Nimesikia, mzee," Sella alisema.

Mumbua alifungua mlango wa kibanda. Ndani, kwenye shimo dogo la manyoya ambayo Njugu alijinyonyoa mwenyewe kifuani, kulikuwa na viumbe vitatu vya waridi, wamefumba macho, wakipumua kwa pamoja. Nyasi zilizowazunguka zilikuwa zimeanza kulowa upande mmoja. Mumbua alizitoa zile zenye unyevu. Alinyoosha mkono kwenye gunia, akasita, akaurudisha.

"Weka wewe," alimwambia Sella. "Lakini nitakuangalia."

Sella alichukua nyasi, akaziweka shavuni, akangoja. Akazigeuza akaziweka kwenye shavu la pili. Kisha akaanza kuzitandika, kidogo kidogo, na Mumbua akawa anamwangalia.